Kozi ya dola 2,000: usihesabu video, hesabu dakika za mwalimu

Kozi ghali ya masoko ya mtandaoni huuzwa kwa ufundi uleule inaodai kuufundisha. Hilo peke yake ni msaada kwa mnunuzi: ukurasa wa mauzo, barua pepe zinazokufuata wiki nzima, tangazo lililokukuta ukiperuzi jambo jingine kabisa, zote ni kazi za mikono ya mwalimu, na kuzikagua ni bure. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la kozi usemi huo umevurugika, maana humu kizuri na kibaya vyote vinajitembeza, vyote kwa matangazo ya kulipia, na vyote vimewekewa mtu anayetabasamu nyuma ya kompyuta mpakato. Wingi wa matangazo hauwezi kukuambia lolote. Swali la kushika ni hili: ukitoa dola 2,000, zinalipia nini hasa?

Hazilipii maarifa, hilo tulimalize mapema. Namna ya kufungua kampeni, kuchagua hadhira, kuweka pikseli (kipande cha msimbo kwenye tovuti) ya kufuatilia wanunuzi, kusoma ripoti za Google Analytics, chombo cha kupima wageni wa tovuti: yote hayo yanafundishwa bure na wenye mitambo wenyewe. Google wana Skillshop, Meta, wenye Facebook na Instagram, wana Blueprint, HubSpot, wauzaji wa programu za masoko, wana HubSpot Academy. Mafunzo hayo yana kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba anayeuza nafasi za matangazo hatakufundisha lini usinunue tangazo. Lakini kwa kujua ubonyeze wapi na kwa nini, yanatosha na kubaki.

Kinachobaki ndani ya bei ni vitu vitatu. Cha kwanza ni mpangilio: mtu amekuchagulia cha kusoma na cha kuacha, akakuokoa kuhangaika miezi. Hicho kina thamani, ila thamani ya makumi ya dola, kwa kuwa kitabu kizuri hufanya kazi hiyohiyo. Cha pili ni msukumo: ratiba, wenzako, tarehe za kuwasilisha kazi. Cha tatu ni mrejesho, yaani mtu anayejua kazi kuliko wewe anafungua akaunti yako ya matangazo, anasoma ukurasa wako, kisha anakwambia kosa liko hapa. Hiki cha tatu ndicho pekee kilicho ghali kwa haki, kwa sababu video ikirekodiwa mara moja huuzwa kwa watu 10 au 10,000 kwa gharama ileile, ilhali saa ya mtu haigawanyiki bila kupungua.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia idadi ya moduli, "bonasi" na jumla ya "thamani halisi" iliyoandikwa kwa herufi kubwa kisha ikakatwa mstari, fanya hesabu ya dakika. Chukua mfano wa kozi ya wiki 8 yenye kikao kimoja cha pamoja kila wiki, dakika 90, na wanafunzi 120. Vikao vyote ni dakika 720, sawa na saa 12. Gawanya kwa wanafunzi 120: unapata dakika 6. Dola 2,000 kwa dakika 6 za macho ya mwalimu juu ya biashara yako, na hapo tumechukulia kwamba kila mtu anapata zamu, jambo ambalo halitokei, kwa kuwa wachache wenye sauti kubwa humaliza kikao.

Sasa kozi ya bei hiyohiyo, vikao hivyohivyo, ila imewekewa kikomo cha watu 15, na kila mmoja anawasilisha kazi 4 zinazosahihishwa kwa maandishi kwa dakika 20 kila moja. Vikao vinakupa dakika 48, masahihisho yanakupa 80, jumla dakika 128. Ni zaidi ya mara 20 ya ile ya kwanza, na ukurasa wa mauzo wa kozi zote mbili unaweza kusema maneno yaleyale: "msaada wa moja kwa moja kutoka kwa mkufunzi". Haki itendeke: kusikia kosa la mwenzako likisahihishwa nako kuna faida, hasa kama biashara zenu zinafanana. Mwenye duka la nguo akisikiliza vikao 8 vya watu wanaouza ushauri wa kisheria, faida hiyo inayeyuka.

Maswali ya kumwandikia muuzaji, na majibu uyatake kwa maandishi, ni machache. Awamu iliyopita ilikuwa na wanafunzi wangapi? Anayejibu maswali ni nani kwa jina, na yeye mwenyewe amewahi kuendesha matangazo ya nani? Swali likiulizwa Jumatatu hujibiwa lini? Je, anaingia kwenye akaunti yangu na kuangalia tarakimu zangu, au anajibu kwa jumla? Mara nyingi sura iliyo kwenye tangazo haifundishi. Wanaojibu ni wasaidizi, na baadhi yao ni wahitimu wa awamu iliyotangulia ambao hawajauza chochote nje ya kozi hiyo. Si kosa kuwa na wasaidizi. Kosa ni kuwaficha.

Muuzaji atakuja na hoja ya msukumo: ukilipa pesa nyingi utajituma. Kuna ukweli ndani yake, lakini mdogo kuliko inavyosemwa. Uchambuzi wa kozi huria za MIT na Harvard uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017/2018 waliomaliza kozi walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Kwa waliolipia cheti, asilimia ilipanda hadi 46. Tofauti ni kubwa, lakini isomwe kwa uangalifu: anayelipia cheti mara nyingi ni yule aliyekwisha kuamua kumaliza, pesa imefuata nia na si kinyume chake. Na hata hao waliolipa, zaidi ya nusu hawakufika mwisho. Kama kwenye kompyuta yako kuna kozi mbili ulizolipia ukaziacha kwenye moduli ya tatu, kozi ya tatu iliyo ghali zaidi haina dawa ya ugonjwa huo.

Bei ya kozi si gharama ya kozi

Hapa ndipo wengi huumia, hata kwenye kozi nzuri. Masoko hujifunzwa kwa kuyatenda, na kuyatenda kunakula pesa. Chukua matangazo ya Meta. Mtambo wao una kipindi cha kujifunza: kila kundi la matangazo linahitaji takriban matukio 50 ndani ya siku 7 ili utendaji utulie, tukio likiwa ni kile ulichomwambia mtambo akitafute, mathalani ununuzi. Kama ununuzi mmoja unakugharimu dola 10 za tangazo, kundi moja linahitaji dola 500 kwa wiki. Ukiwa unagharimu dola 30, ni dola 1,500. Mwanafunzi aliyebakiwa na dola 100 baada ya kulipia kozi atatangaza kwa dola 5 kwa siku, atapata matukio mawili au matatu, kisha atafanya maamuzi kwa tarakimu ambazo hazina maana yoyote. Atasema kozi ni mbovu, na mwalimu atasema mwanafunzi hakufuata maelekezo. Wote watakuwa wamekosea. Bajeti ilikufa kabla ya somo la kwanza.

Njia za kulizunguka hilo zipo, kwa mfano kuuambia mtambo utafute tukio la bei nafuu kama kujaza fomu badala ya kununua. Kozi inayostahili bei yake hueleza jambo hilo kwenye maelezo ya awali, pamoja na kiasi cha chini cha bajeti ya matangazo na orodha ya programu utakazolazimika kulipia kila mwezi: ya kutuma barua pepe, ya kutengenezea kurasa, jina la kikoa (anwani ya tovuti yako), uhifadhi wa tovuti. Kozi inayosema "huhitaji mtaji" ilhali nusu ya moduli zake ni za matangazo ya kulipia imekwisha kukujibu. Kipimo changu ni kikali kidogo: ada ya kozi isizidi theluthi moja ya pesa yote uliyotenga kwa ajili ya masoko. Mwenye dola 2,000 tu hana uwezo wa kununua kozi ya dola 2,000.

Baada ya gharama, tafuta ni wateja wangapi watarudisha pesa hiyo, na uhesabu kwa faida, kamwe si kwa mauzo. Tuseme ada ni dola 2,000 na programu ni dola 300, jumla 2,300. Mtu wa kwanza anauza bidhaa kwa dola 40. Kuinunua na kuisafirisha kunamgharimu 24, anabaki na 16. Tangazo la kumpata mteja mmoja linakula 11. Mkononi zinabaki dola 5. Gawanya 2,300 kwa 5: anahitaji wateja 460 ambao bila kozi asingewapata, na ili awapate lazima dola 5,060 za matangazo zizunguke kwanza. Mtu wa pili anauza huduma kwa dola 900. Kuitekeleza kunamgharimu 300, kumpata mteja 150, anabaki na 450. Yeye wateja 6 wanamtosha, na chenji inabaki. Kozi ni ileile na mwalimu ni yuleyule. Kwa mmoja ni kamari, kwa mwingine ni uwekezaji wa kawaida. Ndiyo maana anayeuliza "hii kozi ni nzuri?" hawezi kujibiwa mpaka aseme anauza nini, kwa bei gani, na anabakiwa na ngapi.

Asiye na cha kuuza kabisa, anayetaka kozi imsaidie "kupata wazo", huyo asinunue. Kozi ya masoko bila bidhaa ni masomo ya kuogelea bila maji.

Kuusoma ukurasa wa mauzo kama fundi

Anza na picha za skrini za mapato, kwa sababu ndizo zinazotangulizwa. Tarakimu yoyote inayoonekana kwenye kivinjari inaweza kubadilishwa kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuandika nyingine. Ni kazi ya sekunde 20 na haihitaji ujuzi. Hata picha ikiwa ya kweli, dola 100,000 za mauzo hazisemi ni ngapi zilirudishwa kwa wateja, ni ngapi zilikwenda kwenye matangazo, wala zilikusanywa kwa muda gani. Lakini swali kubwa kuliko yote ni pesa hizo zilitokana na kuuza nini. Mwalimu wa masoko ambaye bidhaa pekee aliyowahi kuiuza ni kozi ya masoko anaweza kuwa hodari kweli, ila hodari wa kuuza kozi. Ujuzi huo haumsaidii moja kwa moja mwenye karakana au mwenye duka la vipodozi.

Kisha shuhuda. Zigawe kwa idadi ya wanafunzi. Ukurasa unaojisifu kuwa na wanafunzi 3,000 na kuonyesha shuhuda 40 umekuonyesha asilimia 1.3, na hao wamechaguliwa na muuzaji. Katika watu 3,000 wanaofanya biashara, wangekuwapo 40 wa kusifiwa hata kama kozi isingekuwapo. Chukua shuhuda tano, tafuta biashara zinazotajwa. Je, tovuti bado ipo? Kikoa chake kilisajiliwa lini? Taarifa za usajili wa kikoa ni za wazi, na tarehe ikionyesha biashara ilikuwapo miaka minne kabla ya kozi, ushuhuda unabadilika maana. Halafu watafute wanafunzi watatu ambao muuzaji hakukuunganisha nao. Usiwaulize "je, kozi ni nzuri?", maana mtu aliyetoa pesa nyingi huitetea pesa yake. Waulize walibadilisha nini katika biashara yao ndani ya siku 30, na nani alisahihisha kazi yao.

Makala za "tathmini" nazo zipimwe. Kamisheni ya asilimia 30 hadi 50 kwa anayeleta mnunuzi si jambo geni kwenye kozi za kidijitali, kwa hiyo anayesifu kozi ya dola 2,000 anaweza kuwa anangojea dola 600 hadi 1,000 kutoka mfukoni mwako. Angalia kiungo: kikiwa na mkia wenye "aff" au "ref" na herufi fulani baada yake, umekutana na dalali. Udalali ni kazi halali, lakini dalali haulizwi kama nyumba inavuja.

Saa inayohesabu kurudi nyuma ina jaribio rahisi. Fungua ukurasa uleule kwenye dirisha la faragha au kwenye kifaa kingine. Ikianza upya, saa hiyo imefungwa kwenye vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo za kivinjari chako, na haina uhusiano na tarehe yoyote duniani. Kisha uingize anwani ya ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa, uone ulivyokuwa miezi 6 na miezi 12 iliyopita. Kama "bei inapanda Ijumaa" iliandikwa pia mwaka jana, na bei ni ileile, umeuona uongo mmoja. Anayedanganya kuhusu tarehe haaminiki kuhusu mapato ya wanafunzi wake. Kwenye webina (semina ya mtandaoni) inayoitwa ya moja kwa moja, angalia kama inaanza kila baada ya dakika 15, kama idadi ya washiriki hupanda bila kushuka hata mara moja, na kama maswali yako hayaonekani kwa wengine. Hiyo ni rekodi iliyovalishwa nguo za mubashara.

Kuna vyombo viwili zaidi ambavyo wanunuzi wengi hawavitumii. Maktaba ya Matangazo ya Meta huonyesha matangazo yanayoendelea ya ukurasa wowote pamoja na tarehe kila moja lilipoanza, na sehemu ya uwazi wa ukurasa huonyesha ulifunguliwa lini na majina uliyowahi kuitwa. Ukurasa ambao mwaka jana ulifundisha sarafu za kidijitali, mwaka juzi ukafundisha kuuza bidhaa bila stoo, na leo ni gwiji wa masoko, historia yake imeandikwa hapo na haihitaji maelezo. Google nao wana kituo cha uwazi wa matangazo cha namna hiyo.

Upya wa kozi haupimwi kwa maneno "imeboreshwa", ila kwa alama zilizomo. Apple walipotoa iOS 14.5, toleo la mfumo wa simu za iPhone, mwezi Aprili 2021 na kulazimisha programu ziombe ruhusa kabla ya kumfuatilia mtumiaji, vipimo vya matangazo ya Facebook vilibadilika. Somo la pikseli lisilogusa jambo hilo ni la kabla ya hapo. Universal Analytics, toleo la zamani la Google Analytics, iliacha kupokea takwimu mpya tarehe 1 Julai 2023, hivyo video inayoonyesha skrini zake inafundisha chombo kilichokufa. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanadai watumaji wa barua pepe kwa wingi wathibitishe kikoa chao kwa SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kikoa inayothibitisha kwamba barua imetoka kwao kweli), waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3. Gmail wanamhesabu mtumaji wa wingi kuanzia barua 5,000 kwa siku. Omba mtaala, tafuta maneno SPF, DKIM na DMARC kwenye moduli ya barua pepe. Yasipokuwapo, utajifunza kuandika barua nzuri zitakazoishia kwenye folda ya taka.

Upande mwingine wa mizani, masomo ya kuzungumza na wateja, kupanga bei, kuunda ofa na kuandika maneno ya tangazo hayazeeki haraka. Kozi ya mwaka 2019 inayofundisha vizuri namna ya kumhoji mteja inaweza kushinda ya mwaka huu inayofundisha vitufe, kwa kuwa vitufe huhama kabla hujamaliza kulipa awamu ya mwisho.

Simu, mkataba, na ngazi isiyo na kilele

Kozi nyingi zinazozidi dola 2,000 haziuzwi kwenye ukurasa. Huuzwa kwa "simu ya mkakati". Anayekupigia kwanza kazi yake ni kukuchuja na kukupangia muda. Wa pili ni wa kufunga mauzo, naye hulipwa kamisheni. Ataanza na ndoto zako, ataingia kwenye madeni yako, kisha atauliza kikomo cha kadi yako ya mkopo. Swali hilo la mwisho halihusiani na kama kozi inakufaa. Mwambie unaamua baada ya saa 72 na unahitaji mkataba na mtaala kwa barua pepe. Ofa ikifa kwa sababu hiyo, umeokoa pesa.

Kulipa kwa awamu nako kuhesabiwe. Kozi ya dola 1,997 inayouzwa pia kwa awamu 3 za dola 797 inakuwa 2,391. Nyongeza ni dola 394, karibu asilimia 20 kwa mkopo unaokwisha ndani ya miezi miwili. Hakuna haja ya kujua riba za benki ili kuona hilo ni ghali.

Dhamana ya kurudishiwa pesa isomwe neno kwa neno, ukiwa na kalenda mkononi. Dhamana ya siku 30 kwenye kozi inayofungua moduli moja kwa wiki kwa wiki 8 inakwisha nusu ya pili ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Nyingine hudai uwe umemaliza moduli zote, umewasilisha kazi zote, na umetumia kiasi fulani kwenye matangazo. Ukitimiza masharti hayo umechelewa, ukiwahi hujayatimiza. Sheria husaidia kidogo. Kwenye Umoja wa Ulaya na Uingereza mnunuzi wa mtandaoni ana siku 14 za kughairi, lakini kwa maudhui ya kidijitali haki hiyo huondoka pale unapokubali kuanza mara moja na kukiri kuipoteza, na kukiri huko ni kale kakisanduku unakokatia tiki bila kusoma.

Jambo la mwisho kwenye mkataba ni kilichoko juu ya kozi. Uliza wazi: baada ya hii kuna programu gani nyingine, bei gani, na ni sehemu gani ya matokeo ya kwenye tangazo ilipatikana kwa hiyo ya juu? Mwaka 2018 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliishitaki MOBE, kampuni iliyouza mafunzo ya kutengeneza pesa mtandaoni. Mlango wake ulikuwa dola 49. Kwa mujibu wa FTC, walioingia walisukumwa kupanda vifurushi hadi makumi ya maelfu ya dola, na hasara ya wateja ilizidi dola milioni 125. Fedha zilizokuja kurudishwa kwao baadaye zilikuwa takriban milioni 23. Oktoba 2021 tume hiyohiyo ikapeleka notisi kwa zaidi ya kampuni 1,100 ikizionya kuhusu faini kwa madai ya mapato yasiyo na ushahidi. Kilichowakamata wateja wa MOBE hakikuwa bei kubwa bali bei ndogo. Hakuna anayekagua kitu cha dola 49, na kila ngazi iliyofuata iliuzwa kama njia ya kuokoa pesa iliyokwisha kulipwa.

Basi nani anunue? Mwenye biashara inayouza tayari, anayejua tatizo lake kwa tarakimu ("watu 1,000 wanafungua ukurasa, 4 wananunua"), aliyepata kozi yenye darasa dogo, mwalimu aliyewahi kutatua tatizo hilohilo kwa biashara inayofanana, na masahihisho yaliyoandikwa kwenye mkataba. Huyo akilipa hata dola 3,000 simlaumu. Wengine wote wagawe dola 2,000 hivi: 200 kwa kozi fupi au vitabu, 600 kwa saa 4 za mtaalamu anayetoza 150 kwa saa, na 1,200 kwa matangazo ya majaribio. Saa za mtaalamu zisitumike zote siku moja: moja kabla ya kuanza, mbili baada ya wiki ya pili tarakimu zikiwa zimeingia, moja mwishoni. Hizo ni dakika 240 juu ya kazi yako mwenyewe, takriban mara mbili ya ile kozi ya watu 15.

Na aliyekwisha kununua? Leo hii hifadhi nakala ya ukurasa wa mauzo kama PDF, pamoja na mkataba, risiti na barua pepe zote, kwa maana kurasa hubadilishwa. Tazama moduli zilizofunguliwa ndani ya siku chache, si wiki. Ukiona ahadi na kilichomo haviendani, omba kurudishiwa pesa kwa barua pepe, si kwenye gumzo la kundi, ukinukuu sentensi ya ahadi na kuitaja moduli inayoipinga. Wakikataa na ulilipa kwa kadi, benki yako inaweza kupinga muamala kwa niaba yako. Kwa Visa na Mastercard dirisha mara nyingi ni siku 120, ingawa benki nyingine hutaka uwahi zaidi. Aliyelipa kwa uhamisho wa benki au kwa sarafu za kidijitali hana njia hiyo, kwa hiyo muuzaji anayekupa punguzo ili usitumie kadi amekupa punguzo kwa kununua haki yako. Tarehe ya mwisho ya dhamana iandike kwenye kalenda siku ileile ya kulipa, siku mbili kabla ya ile iliyotajwa, maana saa zinazohesabiwa zinaweza kuwa za nchi ya muuzaji.